Mkarafuu wa Msikiti

Siku ya arobaini ya kaka yangu Hamad, hapa Mabawa, mwanawe Faki alisimama mbele ya watu akawaomba wamsamehe baba yake kwa kosa nililolifanya mimi. Nilikuwa uani, nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi, wala sikuwa nikisikiliza sana, maana khitma ilikuwa imekwisha kusomwa na wanaume chini ya turubai walikuwa wakingoja pilau, na mtu anayengoja pilau hana neno la maana la kusema. Kipaza sauti kikakwaruza. Faki akasema marehemu aliacha wasia, na mojawapo ni kwamba upelekwe mche wa mkarafuu Pemba, upandwe ubavuni mwa msikiti wa kijijini kwao, kufidia mkarafuu wa wakfu alioukata ujanani mwake, hata wazee wake wakanyang'anywa eka kwa sababu hiyo. "Baba alilijutia jambo hili mpaka siku yake ya mwisho," akasema. "Kama yupo aliyedhulumika kwa mkono wake, tunamwomba amsamehe." Wanaume wakaitikia, tumemsamehe. Wanawake uani wakaitikia, tumemsamehe. Wifi yangu Mwanahawa, aliyekuwa chumbani kwenye eda yake, akasikika akilia. Na mimi nikaitikia pamoja na wenzangu, nazi mkononi. Nilimsamehe ndugu yangu kosa langu mwenyewe, kwa sauti, na mashahidi wapo.

Nimekuwa mkali tangu udogoni, watu wa Mabawa wanaonijua watakwambia. Nimegombana na wauza samaki, na madereva wa bajaji, na marehemu mume wangu Mungu amrehemu, na sikuwahi kushindwa kusema. Lakini neno moja lilinikaa kooni tangu nina miaka kumi na sita, na kila mwaka likazidi kuwa gumu kulitoa. Watu hudhani siri huchakaa. Yangu ilikuwa ikinenepa, maana kila mtoto aliyezaliwa nyumbani kwa Hamad alisimuliwa ile hadithi, na alipokua akaisimulia kwa wengine, mpaka ikawa jambo la kutaniana siku za Idi: msimpe baba kisu, atakata mti. Hamad alikuwa akicheka nao, na mimi nikicheka. Basi nauandika mwaka ule kama ulivyokuwa, na anayetaka kucheka acheke.

Kwetu, kaskazini ya Pemba, tulikuwa na eka tatu za mikarafuu. Nasema tulikuwa nazo, lakini hilo lenyewe ndilo lililotuponza. Serikali ilimpa babu eka zile baada ya Mapinduzi, kwa karatasi yenye mhuri, na babu akamwachia baba. Ardhi ilikuwa ya serikali, mikarafuu ya serikali, na karafuu zenyewe ukishazikausha huna pa kuziuza ila serikalini. Chetu kilikuwa jasho. Karatasi ile baba aliiweka ndani ya kasha, kati ya kanzu yake ya Idi na sanda yake, na kabla ya kila msimu alikuwa akiitoa, akaitazama, akairudisha. Sisi watoto tulijua kwamba siku baba anafungua kasha hatupigi kelele. Mama alikuwa akizima hata moto wa jikoni asije kumkera kwa moshi.

Mwaka ule mikarafuu ilikuwa imepumzika. Mkarafuu ukizaa sana msimu mmoja, unaofuata hujishikia, na ule ulikuwa mwaka wa kujishikia. Na ndio mwaka ambao kile kiwanda cha mafuta ya karafuu kilianza kutaka majani. Zamani kilinunua makonyo tu, vile vijiti vinavyobaki ukishazichambua karafuu, lakini sasa kikasema hata majani makavu yana mafuta, na lori likawa linapita kijijini kila Jumatano kuchukua magunia. Sharti lilikuwa moja, majani yaliyoanguka yenyewe. Wanawake wote wakaacha mabonde ya mpunga wakaingia chini ya mikarafuu na mafagio. Kabla ya hapo, wakati ule wa mwaka, nilikuwa nashinda bondeni nikifukuza ndege kwa kombeo na makopo. Mwaka ule hapakuwa na wa kufukuza ndege, wakala mpunga wetu mpaka wakachoka wenyewe, na chini ya mikarafuu pakawa peupe, pamefagiliwa kama ukumbi wa mwali. Baba hakupenda. Alisema mkarafuu unakula majani yake mwenyewe, na ukiuondolea chakula chake utakuja kukula wewe. Mama akamjibu kwamba sisi pia tunataka kula. Ndani ya nyumba yetu kila kitu kilinuka majani, mikeka, mito, hata wali.

Na siasa nayo ilikuwa imeingia. Mfumo wa vyama vingi ulikuwa mgeni, na kijiji kikagawanyika pande mbili kabisa. Kulikuwa na duka la hawa na duka la wale. Mtu wa upande huu akifiwa, wa upande ule hapeleki jeneza wala hali chakula cha matanga. Baba hakuwa mwanasiasa hata kidogo. Kosa lake ni kwamba alikwenda mara moja kwenye mkutano wa upande wa pili kumtafuta fundi aliyekuwa na baiskeli yake, akamkuta fundi amekaa anasikiliza, na yeye akakaa kumngojea. Alionekana amekaa. Basi, kuanzia siku ile akawa mtu wa upande ule, na salamu zikapungua. Jioni moja nilikuwa ukumbini nasuka ukili, dirisha wazi, nikamsikia sheha, ambaye ndiye serikali kijijini kwetu, akizungumza na baba barazani juu ya kahawa. Sauti yake ilikuwa ya upole. "Mzee Kombo," akasema, "eka si urithi. Eka ni hisani. Na hisani humfika anayeijua." Baba akauliza, "Mimi siijui?" Sheha akasema, "Sijasema wewe. Nasema tu, zinapitiwa moja moja. Anayeharibu mali ya serikali atapisha wenziwe." Nikasikia kikombe kikiwekwa sakafuni. Baba aliendelea kukaa barazani peke yake mpaka isha, na mama hakumwita kula.

Ningekuwa na akili ningesikia na kuelewa. Lakini nilikuwa na miaka kumi na sita na shoga yangu Biubwa alikuwa anaolewa. Wasichana wote wa rika letu walikuwa wamechagua sare, kitambaa cha kijani chenye maua ya dhahabu, na asiyevaa sare siku ile angekaa nyuma na watoto na vikongwe. Mama alinijibu kwa neno moja, hakuna. Niliudhika. Nilimwambia Hamad, ambaye alikuwa na miaka ishirini na ndiye pekee nyumbani niliyekuwa namwambia mambo, kwamba afadhali nife kuliko kukaa nyuma. Akacheka, akasema, "Basi kufa, lakini osha vyombo kwanza."

Pembezoni mwa eka yetu, karibu na njia ya msikitini, palikuwa na mkarafuu mmoja mkubwa ambao babu aliutoa wakfu. Karafuu zake zilikuwa za msikiti, za mikeka na mafuta ya taa na ubwabwa wa maulidi, na sisi kazi yetu ilikuwa kuuchuma na kuzikausha bila kuonja. Baba hakuruhusu hata jani lake tulifagie. Na mimi nikajipa fatwa yangu: mti huu si wetu, basi nikiuchukulia majani simpunguzii baba kitu, na mwaka huu hauzai, basi siupunguzii msikiti. Ijumaa moja wanaume walipokuwa msikitini na wanawake wanapika, nikaupanda na panga na kigoe, kile kijiti cha kupinda tunachovutia matawi wakati wa kuchuma. Nilikuwa nimekusudia tawi moja tu. Tawi moja halikujaza gunia. Hotuba ya Ijumaa nilikuwa naisikia vizuri kutoka juu, shekhe anazungumzia amana, na mimi nakata. Niliposhuka, upande wote unaoelekea bondeni ulikuwa uchi. Kutoka njiani huwezi kuona kitu. Nikayaanika majani nyuma ya kichaka, na Jumatano nikayachanganya na makavu ya mama ndani ya magunia. Mwanamke aliyekuwa akipokea kwenye lori akachukua kiganja, akayatazama yale yenye ukijani, akanitazama mimi, akayarudisha guniani. Pesa ya gunia lililozidi niliishika mimi, na jioni ile kitambaa kilikuwa changu.

Ambacho sikukijua ni kwamba jani bichi la mkarafuu lina mafuta makali. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi tangu Ijumaa, na ngozi imegeuka kahawia na kuanza kuchunika. Alhamisi tulikuwa tunakula mchana, muhogo wa nazi na samaki changu wa kukaanga, mimi na mama na Hamad upande mmoja wa sinia, na baba kwenye sahani yake. Nilishika kipande cha muhogo kilichotoka motoni sasa hivi na sikusikia moto. Hamad alikisikia chake akakiachia. Akanitazama mikono, kisha uso, kisha akaendelea kula. Hapo hapo tukasikia hodi, na alikuwa sheha, na bwana shamba na daftari lake. Baba akawakaribisha chakula. Sheha akasema ameshiba. Mtu wa kwetu akikataa hata tonge moja ya adabu, jua amekuja na lake, na mama alijua, maana aliinuka akalifunika sinia nasi hatujamaliza.

Wakaenda eka nzima, mti baada ya mti, na sisi nyuma yao. Bwana shamba alikuwa akisema, huu sawa, huu sawa, na kila sawa moyo wangu ulikuwa unapanda kidogo. Nilikuwa naomba waishie njiani. Hawakuishia njiani. Waliuzunguka ule mti mpaka upande wa bondeni, na nikamsikia sheha akisema polepole, "Loh. Mzee Kombo, hebu njoo uone." Baba akaenda. Akatazama juu kwa muda mrefu, mkono umeshika kofia isianguke. Kule juu yalikuwapo makato meupe ya panga, makumi yake.

"Eka hii ya nani?" akauliza sheha.

"Unajua ni yangu."

"Na mti umekatwa na nani?"

"Sijui. Wallahi sijui. Kikulacho ki nguoni mwako, labda yupo anayenitakia mabaya. Lakini mimi siwezi, huu si wangu. Huu wa msikiti. Mimi mwenyewe sithubutu kuuvunja jani, seuze kuukata."

Bwana shamba aliacha kuandika. Nilimwona baba akiwa bado na uso wa mtu aliyejitetea vizuri, hajui bado alichosema. Sheha akauliza kwa ule upole wake, "Wa msikiti vipi?"

"Wakfu. Aliutoa marehemu baba, na mimi nikaendeleza."

"Wakfu mtu hutoa mali yake. Au sivyo, mzee?"

"Ndivyo."

"Basi hii ni mali yako?"

Nimekaa na swali lile maisha yangu yote. Angesema ndiyo, amejimilikisha mikarafuu ya serikali mbele ya serikali. Angesema siyo, basi miaka yote ile alikuwa akimpa Mwenyezi Mungu kitu cha wizi, na baba yake kabla yake, na walioswali juu ya ile mikeka wote. Baba hakuwa mtu wa maneno. Jasho lilimtoka kwenye masikio. Mama alikuwa akimtazama kama anayetaka kumjibia. Mwisho baba akasema, "Ya Mwenyezi Mungu." Sheha akamgeukia bwana shamba akamwambia, "Andika."

Kisha akataka aliyekata. Akasema mzee amekwisha kukiri la wakfu, na mkataji asipojitokeza, la kukata nalo litakuwa lake, na hayo mawili kwa pamoja yanapelekwa mbele. Nilikuwa nimeificha mikono ndani ya kanga, nimeikunja kwapani. Nilifungua mdomo, naapa niliufungua. Hamad alikuwa kando yangu, na nilikuwa nimemwona tangu mwanzo akichezea kitu mkononi, nikadhani ni wasiwasi. Alikuwa amevunja ncha ya tawi bichi, anayafikicha majani yake viganjani. Akatoka mbele. "Ni mimi," akasema. "Nilitaka pesa ya sigara." Sheha akamwambia anyooshe mikono, akaishika, akainusa. Baba hakumpiga. Alimtazama tu, na akarudi nyumbani peke yake, akituacha sisi tusimame na wageni.

Hamad alilala kituo cha polisi siku mbili. Haukupita mwezi, karatasi ya baba ikatoka kwenye kasha kwa mara ya mwisho, na eka ikapewa mtu ambaye hakuwahi kukaa kwenye mkutano mbaya. Wapo waliosema ingechukuliwa tu, mti au bila mti, na nilipokuwa mtu mzima nilijaribu sana kuamini hivyo. Harusi ya Biubwa ilipita na ngoma zake, mimi nimekaa ndani. Tukavuka bahari kuja Kigombe, huku bara, kwa binamu yake baba, tukapewa chumba kimoja chenye mlango wa makuti. Kigombe watu wanaishi kwa bahari, na baba bahari hakuijua. Mtu aliyekuwa akijua mkarafuu upi utazaa lini akawa anaokota nazi za watu. Tulikula dagaa na ugali, chakula ambacho kwetu tulikuwa tunakisikia tu. Na kwa miezi ile yote baba hakusema na Hamad. Ukiletwa muhogo alikuwa anasema, "Mwambieni ndugu yenu aje," na Hamad yuko mbele yake. Ukiletwa mkebe wa kunawia, baba akishanawa, alikuwa akiyamwaga maji yale ili Hamad anawe mengine. Mimi nilinawa maji ya baba.

Kabla mwaka haujesha Hamad akaja mjini, akapata kazi ya bustani kwenye nyumba moja kubwa kule Raskazone, na akapanga chumba hapa Mabawa, ndicho kilichokuja kuwa nyumba hii. Nilimfuata siku moja nikiwa nimeamua. Nilimkuta anapunguza ua wa michongoma kwa mkasi mrefu, ananyoosha kwa kamba, taratibu, hapitishi hata jani. Nikamwambia, "Kaka, nakwenda kumwambia baba." Hakuacha kukata. Akasema, "Umwambie nini? Kwamba ana mtoto mwizi mwingine? Mmoja anamtosha." Nikasema si haki. Akaniambia, "Raya, wewe ni mwanamke. Nani ataoa aliyekata mti wa msikiti? Mimi mwanamume, nitaambiwa mvuta sigara, watasahau. Nenda kamsaidie mama." Nikasema, hata sigara huvuti. Akacheka, akasema ataanza. Na mimi nikaona nafuu. Hilo ndilo ninaloliona aibu kuliko lile la panga. Nilirudi Kigombe nikiwa mwepesi, nikaimba njiani.

Baba alikufa miaka minne baadaye. Alimsamehe Hamad siku za mwisho, alimshika mkono na kumwombea dua, na mimi nilikuwa mlangoni nimeshika bakuli la uji. Ningeweza kusema. Lakini mtu anapokufa akiwa na amani utamwambiaje kwamba amemsamehe asiye na kosa?

Basi siku ile ya arobaini, pilau lilipokwisha kuliwa na wanaume wa mbali wameondoka, niliwaita ndani. Faki, na nduguze wawili, na mama yao kwenye eda yake. Nilikuwa nimekwenda kwangu nikafungua sanduku, nikatoa kile kitambaa cha kijani. Sikukishona maisha yangu. Nikakiweka juu ya mkeka, nikawaambia yote kama nilivyoyaandika hapa, Ijumaa, panga, mikono, sinia. Nikasema, "Baba yenu hakukata mti. Nilikata mimi. Mche ule msiupande kwa jina lake." Wifi Mwanahawa akajifuta macho, akasema, "Wifi, Mungu akulipe. Mpaka leo unamsitiri ndugu yako." Nikasema, simsitiri, nasema kweli. Mtoto wake wa kati akamnong'oneza mwenzake kwamba shangazi hajala tangu asubuhi. Nikawaonyesha kitambaa. Wakakishika, wakasema vitambaa vya zamani vilikuwa vizito. Nikarudia tena, sasa kwa ukali wangu wote, wanaoujua, na wao wakanitazama kwa huruma namna ambayo sijawahi kutazamwa. Mtu akaniletea maji.

"Shangazi," akasema Faki, "baba alituambia utasema hivi. Alisema, nikifa Raya atataka kulibeba, maana ananipenda. Msimwachie." Akasogea, akapiga magoti mbele yangu. Kisha akanishika mikono, akaibusu yote miwili, mgongoni na viganjani.